Maleba, si Malaba

Jumatatu, 10 Machi 2025

Hajati Zubaida amenipa daftari hili leo asubuhi, baada ya kuniuliza maswali manne nami nikajibu moja.

"Kama mdomo nakataa, andika," alisema. "Kila siku. Wewe naona nini, nashika nini, naharibu nini. Mimi sitasoma. Ni ya wewe."

Basi naandika. Nina miaka kumi na minane na nilimaliza Kidato cha Nne Novemba iliyopita. Kwetu ni Busia ya Kenya. Karakana ya Hajati iko Busia ya Uganda, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu ukijua kupenya katikati ya malori. Ameshona kwa miaka thelathini, na siku hizi watu wanaotengeneza filamu huja kwake awavalishie waigizaji. Msimu huu ana filamu moja, kisa cha mpagazi wa reli wa Tororo na mke wake, mwaka 1982. Itapigwa kijijini Iyolwa, mvua ikiruhusu.

Swali nililojibu ni la ninachotaka. Nilikuwa nimejiandaa nalo. Nilisema, "Nataka kujifunza maleba." Ni neno la kitabu cha fasihi, yaani mavazi ya wachezaji jukwaani.

Hajati alinitazama. "Malaba? Malaba ni kule, mwanangu. Panda gari."

Mdogo wake Swabur, ambaye ndiye dereva wa pikapu yao, alicheka hadi akashika mlango.

Ningecheka nami, ila mzaha huo uligusa mahali penyewe. Baba mdogo Oguttu ana ofisi ya uwakala wa forodha Malaba, mji mwingine wa mpakani, na Baba amekwisha kumwahidi kwamba nitakwenda kukaa pale kwenye kompyuta. Mama ndiye aliyeniombea nafasi ya kujaribu. Baba alikubali hivi: "Mpaka mwisho wa Mei. Huyo fundi akiniambia kwa mdomo wake kwamba unaiweza hiyo kazi, utabaki naye. Asiponiambia, Juni unaenda kwa Oguttu."

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimepiga pasi kola kumi na tisa. Sikusema kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo tulikwenda Malaba kweli, lakini kutazama mabega. Hajati alinisimamisha mahali wapagazi wanaposhusha magunia. "Hii watu nabeba na bega gani?" aliniuliza. Nilitazama nusu saa. Karibu wote hubeba kwa bega la kulia, na mashati yao yamekwisha hapo tu. Kola nzima, mgongo mzima, bega la kulia limekuwa wavu.

"Ndiyo," alisema. "Fundi mjinga nachana shati kila mahali. Nasema, ona, maskini. Lakini umaskini iko na mahali yake."

Kisha akanionyesha mwanamume mmoja mwenye vifungo vitano vya rangi tano, vyote vimeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. "Na huyu naishi na nani?"

Nilinong'ona, "Peke yake."

Hakunisifu. Alitikisa kichwa mara moja kukubali, akaendelea kutembea. Nimekuwa na furaha mpaka sasa.

Kiswahili chake kingeanguka katika mtihani wa mwalimu wetu. Lakini mwalimu wetu hakuwahi kunionyesha bega.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani niliwatazama watu nguo badala ya kusikiliza. Mungu anisamehe. Shemasi huweka simu mfuko wa kushoto, na mfuko umevutika.

Jumatatu, 24 Machi

Tumelizeesha koti la mpagazi. Lilikuwa koti la mitumba, zima kabisa, la mtu aliyekaa ofisini. Hajati alililowesha, akajaza mawe mifukoni, akalitundika siku tatu hadi likalegea kama la mtu anayetia mikono mfukoni kila asubuhi akingoja gari moshi. Kisha msasa kwenye viwiko, nta ya mshumaa kwenye kola. Leo limebaki shati, na shati huzeeshwa kwa chai.

Ni Ramadhani, naye amefunga. Tangu saa mbili amesimama juu ya sufuria la majani ya chai yanayochemka, akikoroga shati kwa mwiko, midomo imekauka. Harufu imejaa karakana nzima.

"Hajati," Swabur alisema, "malaika nachanganyikiwa. Nauliza, hii funga ama hii hoteli?"

"Waambie mimi nalisha shati," alijibu.

Nilicheka kwa sauti. Wote wawili waligeuka kunitazama, nikajificha nyuma ya cherehani.

Alhamisi, 3 Aprili

Idi imepita. Hajati ameitoa gomesi ambayo bibi harusi wa filamu atavaa. Ni ya marehemu mama yake, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, satini ya zambarau, mabega yamechongoka kama masikio ya paka anayesikiliza. Gomesi nimeziona maisha yangu yote, kwenye mazishi na kwenye harusi, lakini kwa nje tu. Mama yangu havai. Husema ni nguo ya mabibi zetu. Hajati aliifungua taratibu mezani, akapitisha kiganja kwenye mikunjo, akaikunja tena. Niliona kwamba alinawa mikono kabla ya kuigusa.

Jumatano, 9 Aprili

Siku ya kwanza Iyolwa. Boma tulilopewa lina nyumba mbili za nyasi na moja ya mabati ambayo kamera lazima iikwepe. Mwongozaji anaitwa Ariokot, dada wa Tororo, kijana, anaongea haraka kama anayefukuzwa, na kweli anafukuzwa, na mawingu. Mpagazi anaigizwa na Mzee Odwori, Msamia mwenzetu. Amejisahaulisha uzee kwa rangi ya nywele na anaendelea kuigiza hata wakati wa kula. Mke anaigizwa na Carol kutoka Kisumu, mpole, suruali ya jinzi siku zote.

Kazi yangu ni kushika pini. Nimezishika vizuri.

Mzee Odwori alipovaa lile koti alinyamaza kwa mara ya kwanza. Alitia mikono mifukoni, ikaingia palepale mawe yalipokuwa, na mabega yake yakashuka yenyewe. Hajati alikuwa anatazama kutoka mbali, huku anakula ndizi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Pikapu ilikwama. Niliisukuma na viatu vyangu vikabaki matopeni.

Jumanne, 22 Aprili

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Hajati aliamka na malaria. Alinipigia simu alfajiri. "Leo wewe nakwenda na Swabur. Peke yako. Karatasi iko ndani ya sanduku. Fuata karatasi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

Lilikuwa tukio moja tu, lakini ndilo kubwa. Bibi harusi anaingia uani kwa mumewe kwa mara ya kwanza, mume ameketi barazani anamtazama akija. Ariokot alikuwa amelingoja jua la asubuhi kwa siku kumi, na leo lilitoka.

Karatasi ilisema: *Mume: suruali ya kaki, shati ya chai. Bibi harusi: gomesi, kikoi, mshipi, viatu nyeupe.*

Nilisoma neno kikoi mara tatu. Kwetu kikoi ni kitambaa cha wanaume chenye milia na nyuzi pembeni, watu wa pwani hujifunga wakipumzika nyumbani. Bibi harusi avae kikoi? Niliwaza kwamba homa imemfanya Hajati aruke mstari, neno la mume likaangukia kwa mke. Mume yuko nyumbani kwake siku ya mapumziko, kikoi kitamfaa. Ndani ya gomesi palikuwa na kitambaa kizito cha pamba, cha kahawia, kimekunjwa mara nyingi. Nilidhani ni cha kuilinda satini isikunjamane. Nilikitoa nikakiacha mlemle sandukuni, chini kabisa.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Neno moja tu la kuuliza. Lakini niliwaza kwamba amelala, nisimsumbue. Huo ni uongo nusu. Nusu nyingine niliogopa atajua kwamba sijui.

Swabur alikuwa na kikoi cha milia amekitandika kwenye kiti cha pikapu. Nilikiomba.

"Kikoi yangu naingia kwenye filamu!" alisema, akakikung'uta mara mbili. "Mwambie kamera niko upande wa nyuma."

Mzee Odwori alijitazama. "Binti, mimi mpagazi wa Tororo ama nimekuja likizo Lamu?"

"Imeandikwa," nilisema. Ndilo neno pekee nililowaambia waigizaji asubuhi yote, na halikuwa kweli.

Carol alitembea uani. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Wanawake wa kijiji waliokuwa wakitazama kwenye ua wa minyaa walifunika midomo wakacheka, mmoja akasema jambo kwa lugha yao, Dhopadhola, wakacheka zaidi. Nilidhani wanachekea kamera. Ariokot alikuwa anatazama mawingu kuliko watu. Alirudia mara nne, akasema, "Safi! Tumepata!" na matone ya kwanza yakaanguka.

Nilirudi nyumbani nikiimba ndani kwa ndani.

Jumatano, 23 Aprili

Hajati alikuja Tororo leo, bado dhaifu, amevaa sweta mbili. Ariokot alimwonyesha picha za jana kwenye kompyuta, na kundi zima lilikuwa nyuma yetu.

Niliziona nami kwa macho yake. Satini ilikuwa imeganda miguuni mwa Carol kama pazia lililolowa. Hakuwa na nyonga, hakuwa na uzito, upepo ulimpiga nguo katikati ya magoti. Na barazani mume ameketi na milia ya bluu na nyeupe, anangoja mtu amletee dafu.

"Kikoi iko wapi?" Hajati aliuliza.

Nilinyoosha kidole kwa Mzee Odwori.

Hajati aliketi kando ya sanduku. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu aliinama akakitoa kile kitambaa cha kahawia, akakishika magotini. Upande huu, kikoi ni hicho. Mwanamke hujifunga kiunoni ndani, chini ya gomesi, ndicho kinachoipa nguo nyonga na kuizuia isimgande. Bila hicho gomesi haijavaliwa, imeangikwa. Neno ni lilelile. Tumetenganishwa na lango moja la mpaka.

"Nani alimvalisha?" Ariokot aliuliza.

"Karatasi ni ya mimi," Hajati alisema. "Niliandika vibaya."

"Hajati, mama yangu huvaa gomesi. Kila mtu wa hapa atacheka. Na jua nitalitoa wapi?" Alifunga kompyuta. "Labda macho yako yamechoka. Kuna fundi Kampala ananipigia simu kila wiki."

Hajati alikuwa anakunja kitambaa. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, natazama vidole vyangu vya miguu.

Njiani Swabur alijaribu kupiga mluzi akaacha.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimesema.

Ilikuwa wakati wa chakula, watu wamezunguka masufuria, mvua inapiga turubai. Nilikwenda nikasimama mbele ya Ariokot. Nilikuwa nimepanga sentensi nzuri, zote zikapotea.

"Ni mimi niliyewavalisha," nilisema. "Karatasi ya Hajati ilikuwa sawa. Sikukijua kikoi cha huku, nikamvisha mume. Sikuuliza. Hajati hakukosea."

Kijiko cha Ariokot kilisimama njiani. "Huyu anaongea?"

"Anaongea," Mzee Odwori alisema, "tena kwa sarufi!"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nalia kidogo. Ariokot aliniuliza ninatoka upande gani, nikasema Kenya.

"Basi hata mimi kule ningefunga kikoi chenu kichwani," alisema, na uso wake ukalegea. Akamgeukia Hajati. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mtoto ni wa karakana ya mimi. Akiharibu, karakana naharibu."

"Fundi wa Kampala angoje," Ariokot alisema. "Jua likitoka, tunarudia. Na amvalishe huyuhuyu."

Nilidhani Hajati atanishukuru. Ndani ya pikapu alinigombeza, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Mimi sina hasira ya kikoi. Kikoi ni neno. Wewe ulisoma ile neno mara ngapi?"

"Tatu."

"Mara tatu! Roho yako ilijua kitu haikai vizuri. Halafu unanyamaza. Unaona haya kwa mimi, haya! Mimi nilikosea kuvalisha bibi harusi wa kweli, mwaka tisini na nne, nilifunga mshipi nyuma mbele, watu wakaimba juu yangu mpaka kule Mella. Nilikufa?"

"Hapana, Hajati."

"Uliza basi. Hata kama ni kitu ya mtoto. Uliza."

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Nimejifunga kikoi cha kahawia mara ishirini mbele ya kioo cha Mama. Kinadondoka.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Baba aliuliza, "Huyo fundi amesema nini?" Nilimwambia kuhusu kosa langu. Aliweka kikombe chini, akasema tu kwamba baba mdogo amekwisha kuninunulia kiti.

Jumamosi, 3 Mei

Jua dakika arobaini. Tulifika Iyolwa dakika ya arobaini na moja.

Jumanne, 6 Mei

Jua.

Hajati aliketi kwenye kigoda mbali na mlango, akasema, "Mimi leo ni mgeni." Nilibaki na Carol ndani ya nyumba ya nyasi. Nilimfunga kikoi, kikadondoka. Nikafunga tena, kikakaa, lakini Carol alionekana amemeza mto. Nje Ariokot alikuwa anapiga makofi.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwenye ua wa minyaa. Wale wanawake walikuwepo. Nilimchagua yule aliyecheka zaidi siku ile, anaitwa Mama Ochwo.

"Shikamoo, mama. Sijui kufunga kikoi. Naomba unifundishe."

Aliwageukia wenzake. "Ndiye huyu! Ndiye alileta ile bibi harusi imetoka bafu!" Walicheka mpaka wakaegemeana, nami nikacheka, maana kweli alionekana ametoka kuoga. Kisha alimpa mtu mtoto wake, akaingia ndani.

Kumbe hukifungi kitambaa, unakijenga. Unakunja sehemu ya juu mara mbili, unaizungusha nyongani badala ya kiunoni, unamwambia mvaaji akae chini na kusimama, halafu ndipo unakaza. Aliyafanya yote bila kutazama, huku anamwuliza Carol kama ameolewa na anangoja nini. Kisha akakifungua chote. "Sasa wewe."

Nilikifunga mimi.

Gomesi ilipomshukia Carol juu yake, ilikaa. Sijui namna nyingine ya kuandika. Zambarau ilisimama nyongani, mikunjo ikaanguka chini kwa uzito wake, na Carol mwenyewe alibadilika. Alipunguza hatua. Alinyoosha shingo. Alipotoka nje mwanamke mmoja wa kwenye ua alipiga vigelegele, na Mzee Odwori barazani, ndani ya shati lake la chai, akasimama bila kuambiwa. Ariokot alisema baadaye kwamba hilo la kusimama halikuwamo kwenye hadithi na hataliondoa.

Nilimtafuta Hajati kwa macho. Alikuwa anaitazama nguo, hakuwa ananitazama mimi. Nguo ya mama yake ilikuwa inatembea uani juani. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake mdomoni, na sikumsogelea.

Ijumaa, 16 Mei

Tumemaliza kupiga. Niliosha, nikahesabu, nikakunja. Kisha nikauliza, bila kupanga sentensi:

"Hajati, utamwambia Baba kwamba naiweza?"

"Umeuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Nitafikiri."

Alhamisi, 22 Mei

Anafikiri bado.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya kanisa tulikuwa tumekaa, Baba ameanza kupanga na baba mdogo kwa simu nani atanipeleka Malaba Jumatatu ijayo, pikapu ikasimama mlangoni. Alishuka Hajati amevaa gomesi ya kijani na mtandio mweupe, kikoi kimekaa sawasawa. Akashuka Swabur, kanzu imepigwa pasi. Akashuka Mzee Odwori na kofia na bakora, amebeba kilo mbili za sukari na mikate.

Mama alichungulia dirishani. "Nasirumbi! Umefanya nini? Hii ni posa!" akakimbilia jikoni.

Ilionekana hivyo kabisa. Na Mzee Odwori, ambaye hawezi kuacha kuigiza, ndiye aliyeharibu zaidi. Alisimama katikati ya sebule, akakohoa. "Mzee Mukhwana, tumepita njiani, tukaona ua limechanua katika boma hili."

Uso wa Baba ulikuwa mgumu kama jiwe la kunolea. Alimtazama Swabur kutoka kofia mpaka viatu. "Na kijana mwenyewe ndiye huyu?"

"Si mimi, mzee!" Swabur aliruka. "Mimi dereva! Niko na bibi na watoto nne!"

"Basi kijana ni nani?"

"Kijana ni cherehani," Hajati alisema.

Baba hakucheka. Hajati alisogea mbele ya kiti. "Mzee, mimi sikuja kusifu mtoto. Alikosa kosa kubwa, alisema mwenyewe mbele ya watu, halafu akatengeneza. Sasa niko na filamu ingine Julai, na mtu wa kunifuata sina. Nimekuja kumwomba. Kwa heshima, kama watu wanavyoomba."

Baba aliniita, nikatoka nyuma ya pazia nikasimama katikati ya sebule, pale binamu yangu aliposimama Desemba alipoposwa. Wakati ule niliapa moyoni kwamba zamu yangu ikifika nitazimia. Baba aliuliza vilevile kama msichana anavyoulizwa, nami sikujua kama ananitania au la.

"Nasirumbi. Unawajua wageni hawa?"

"Nawajua," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ikaendelea. "Huyu ni Hajati Zubaida. Anaweza kutazama kifungo cha mtu akajua anaishi na nani. Yule ni mdogo wake, Swabur. Yule ni Mzee Odwori, ni mwigizaji, Baba, usimsikilize. Nataka kwenda nao."

"Na sukari hii waliyoleta? Tuipokee?"

"Ipokeeni."

Jikoni Mama alipiga kigelegele kimoja, akakikatiza katikati, nadhani alikumbuka kwamba hapakuwa na harusi.

Baba aliinuka. Aliichukua simu, akaiweka kifudifudi mezani, akavuta kiti kizuri akamkaribisha Hajati.

"Leteni chai," aliita kuelekea jikoni. "Na mtie sukari yao."